Neno Ambalo Babu Hakulitamka

Ninaandika polepole. Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia vimejikunja na havinyooki tena, kwa hiyo kalamu naibana kati ya gumba na shahada, na ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Shule niliishia darasa la nne. Hata kusema mbele za watu nilikuwa siwezi, sembuse kuandika. Lakini dresa wa kambi ya wagonjwa, yule aliyetufunga vidonda na kutugawia dawa, aliniambia siku ninaondoka, "Natani, wewe umepona. Waandikie walio bado wanaficha." Basi ninawaandikia hao.

Jambo la kwanza nitaliweka hapa juu, ili anayechoka kusoma aondoke nalo. Ukiona kwenye ngozi yako baka lililofifia rangi, fumba macho, mwambie mtu aliguse kwa unyoya wa kuku. Kama husikii unyoya, nenda hospitali. Nenda wiki hii.

Mimi niligundua kwa chungu cha Sabato.

Sisi tunakaa kwenye mlima juu ya Mbeya, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka soko la Mwanjelwa. Ni nyumba saba za ukoo mmoja, Wasafwa, wakulima wa viazi na ngano. Majirani zetu ni Wakristo, na sokoni wenye maduka wengi ni Waislamu. Sisi ni Wayahudi. Babu yangu, Mzee Yeremia, alikwenda Uganda kufanya kazi akiwa kijana, akaishi na watu weusi kama yeye walioishika Torati na Sabato, na aliporudi alirudi na kitabu, na sala chache alizozishika kwa kichwa, na desturi zote alizoziona kule. Akawafundisha wadogo zake na wanawe. Majirani walitucheka. Hadi leo tukipita sokoni wanatuuliza, "Enyi watu wa Jumamosi, mnamngoja nani huko juu?" Baba hujibu, "Tunawangoja ninyi mrudishe jembe letu." Wanacheka, tunapita.

Ijumaa kabla jua halijazama mama alikuwa akipika maharage na ndizi kwenye chungu, anakifunika, anakizika kwenye majivu ya moto. Siku ya Sabato hatuwashi moto, kwa hiyo chungu kinakaa humo hadi Jumamosi mchana, na kukitoa ilikuwa kazi yangu. Hutolewa kwa majani ya mgomba yaliyokunjwa. Jumamosi hiyo mvua za masika zilikuwa zinanyesha na nilikuwa na haraka. Nikakishika kwa mikono mitupu. Nikakibeba hadi walipokaa watu, nikakiweka chini taratibu. Nikasikia harufu, nikafikiri maharage yameungua.

Mama akapiga kelele, "Natani! Mkono!"

Ngozi ya kiganja cha kulia ilikuwa imebaki kwenye chungu. Mimi sikuwa nimesikia kitu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Kwenye mkono huo huo, juu ya kiwiko, nilikuwa na baka tangu mwaka uliopita. Nililificha kwa mikono mirefu ya shati. Nilikuwa kijana wa kuona haya, na haya zangu zilifanya kazi ya adui. Mama aliponikunjia shati ili aufunge mkono, watu wote waliliona, na Babu aliliona. Na wiki ile, kama ilivyo kila mwaka masika yanapokaribia kwisha, sehemu tuliyokuwa tumetoka kuisoma asubuhi ilikuwa ile ya madoa ya ngozi.

Nieleze hapa jinsi tunavyosoma, maana bila hilo hamtanielewa. Torati imegawanywa katika sehemu, kila wiki sehemu moja, na mwaka ukiisha tunaanza upya. Baada ya kusoma, kila mtu, mwanamume na mwanamke, anataja neno moja alilolipata humo ambalo atalibeba kwenye kazi zake hadi Sabato ijayo. Tunaliita neno la kubeba. Mmoja atasema, "Ng'ombe wa jirani akipotea nimrudishe, hata kama jirani ananitukana." Mwingine atasema, "Nisivune mpaka pembeni kabisa mwa shamba." Mimi tangu nilipofikisha miaka kumi na mitatu nilikuwa na haki ya kusema, lakini zamu yangu ikifika nilitazama miguu yangu, na Babu husema, "Natani amebeba kimyakimya. Twende mbele."

Halafu kuna sala ambazo hazisaliwi mpaka wawepo wanaume kumi waliotimiza miaka kumi na mitatu. Wakipungua kumi, sala hizo zinaachwa. Kubwa kati yake ni ile ambayo mwana humwombea baba yake aliyekufa, na wengine huitikia Amina. Sisi mlimani tulikuwa wanaume kumi na mmoja. Mimi nilikuwa wa kumi na moja. Kumbukeni hesabu hiyo. Mimi niliikumbuka miaka mitatu.

Sehemu ya madoa inasema hivi, kwa maneno yangu: mtu mwenye doa aletwe kwa kuhani, kuhani alitazame, amtenge siku saba, alitazame tena, na ikihitajika siku saba nyingine. Kama ni ukoma, kuhani atatamka kwamba huyu ni najisi, naye atakaa nje ya kambi. Kabla kuhani hajatamka, mtu si najisi. Neno la kuhani ndilo linalomfanya kuwa hivyo.

Mlimani hatukuwa na kuhani. Tulikuwa na Babu.

Siku iliyofuata alinipeleka kwenye kibanda kilicho mwisho wa shamba, tulichokuwa tukilindia mahindi dhidi ya nguruwe. Akalitazama baka kwa muda mrefu, machozi yakimtoka, akasema ni moshi wa kiko.

"Utakaa hapa siku saba, mjukuu wangu. Mama yako ataleta chakula. Siku ya saba nitakuja."

Siku ya saba alikuja. Akatazama. "Halijaenea," akasema. "Tuongeze saba."

Siku ya kumi na nne mama alikuja pamoja naye. Mama ni Mnyakyusa wa Tukuyu, aliolewa mlimani na akaishika Torati kwa hiari yake, lakini kaka yake ni Mkristo na alikuwa amewahi kufanya usafi hospitalini. Mama akasema, "Baba, kitabu kimesema saba mbili. Leo zimetimia. Sema neno lako, nimpeleke mtoto hospitali."

Babu hakumtazama. "Halijaenea."

"Limeenea! Lile la mgongoni hulioni?"

"Lile la mgongoni ni la jua."

"Jua gani, Baba? Masika haya, jua umeliona wapi?"

"Tuongeze saba," Babu akasema, akaondoka akijikongoja.

Baba yangu alisimama pembeni kimya. Nilimrithi yeye haya zangu.

Saba zikaongezwa juu ya saba. Masika yakaisha. Kipupwe kikaingia, na asubuhi majani ya viazi yakawa meupe kwa baridi. Nilikuwa nikikaa mlangoni mwa kibanda nikitazama moshi wa nyumba saba, na siku ya Sabato nilisikia sauti zao wakiimba, nikahesabu sauti za wanaume. Kumi. Walitimia bila mimi. Mkono ukaanza kuwa mwembamba kati ya gumba na shahada. Kidole kidogo kikajikunja, kisha cha pili yake. Nilikuwa nikikinyoosha kwa mkono wa kushoto, kikirudi kama kamba iliyolowa.

Siku moja ya kipupwe Babu alikuja akakaa kwenye kigogo nje, hatua sita kutoka kwangu, akanisimulia sehemu ya wiki ile. Dada yake Musa, Miriamu, alipatwa na ukoma akiwa jangwani, akafungiwa nje ya kambi siku saba. "Na watu wote," Babu akasema, "maelfu kwa maelfu, wenye wanyama na watoto, walikaa chini wakamngoja. Hawakuondoka hadi arudishwe. Unasikia, Natani?"

Nikasema nasikia. Moyoni nikasema, yeye alikuwa dada yake Musa.

Watu huniuliza kama nilimchukia Babu. Wakati ule sikumwelewa. Nilifikiri hajui. Kumbe alijua tangu siku ya chungu. Alijua, na hakutaka kulitamka. Kwake yeye, maadamu hajasema, mimi bado nilikuwa mtoto wa kambi, na alinishikilia kwa kunyamaza kwake, saba baada ya saba, na wakati huo huo vidole vyangu vilikuwa vinakwenda.

Mama alivunja jambo hilo mwishoni mwa kipupwe. Jumatatu alfajiri alikuja kibandani na shuka na mahindi ya kuchemsha, akanisalimu kwa Kinyakyusa chake. "Ugonile, mwanangu. Inuka, twende."

"Babu amesema?"

"Babu yako hatasema mpaka afe. Inuka."

Hospitali ya Mbeya tulikaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi. Benchi lilikuwa limejaa. Mama mmoja aliyebeba mtoto mwenye surua akaniuliza mkono una nini, na mimi nikaona haya, mama yangu akajibu kwa ukweli. Baada ya hapo benchi likawa na nafasi. Tulikaa wawili kwenye benchi la watu wanane, na wengine wakasimama juani. Mama akatandika shuka vizuri, akasema, "Haya, leo tumekaa kama wazee wa baraza." Nilitaka kucheka nikashindwa.

Daktari alinifumba macho, akanigusa kwa unyoya na sindano. "Nikikugusa sema ndiyo." Nikasubiri aanze. Nikasubiri sana. Halafu nikasikia mama analia, nikajua alikuwa ameshaanza zamani.

Aliuliza ugonjwa umeonekana lini. Mama akasema kabla masika hayajaisha. Daktari akahesabu miezi, akaugeuza mkono wangu huku na huku, akasema taratibu kwamba vidonge vitaua ugonjwa, lakini vidole vilivyojikunja vingenusurika kama tungekuja mapema. Mama aliitikia kwa kichwa.

Nilipelekwa kambi ya wagonjwa upande wa Iringa. Nilisafiri nyuma ya lori pamoja na magunia, peke yangu, siku mbili za vumbi. Baba alinisindikiza hadi barabarani Mwanjelwa. Alinipa kofia yake ya Sabato, ile ndogo iliyoshonwa na mama, akafungua kinywa, akafunga. Babu hakuja. Lori likaniteremsha Ipogolo, pale chini mlima wa Iringa unapoanza kupanda, na mtu wa kambi alikuwa akinisubiri. "Kamwene," akaniambia, na kwa kuwa mimi si Mhehe sikujua kuitikia. Nikainamisha kichwa. Huo ndio mwanzo wangu kambini: watu wakadhani mimi ni bubu.

Nilipewa kitanda karibu na Mzee Hamisi. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa mjini Iringa, baba yake alitoka pwani, na maneno yake yalikuwa laini na makali kwa pamoja. Miguu yake haikuwa na vidole. Siku tatu sikusema naye. Siku ya nne, Jumamosi, nilivaa kofia nikageukia ukutani nikasali nilichokikumbuka.

"Ewe bubu," akasema nilipomaliza, "wewe ni Mwislamu uliyepotea kibla au ni nini?"

"Myahudi," nikasema.

Akakaa kitako kitandani. "Bubu kasema! Na kasema makubwa! Myahudi kutoka wapi?"

"Mbeya."

"Ama kweli dunia imeisha. Nimeuza kitambaa miaka ishirini, nimeona Mgiriki, nimeona Mhindi, Myahudi wa Mbeya namwona leo, tena mkoma mwenzangu." Akacheka hadi akakohoa. Kisha akaninyooshea kisahani chake cha chai. "Kunywa. Mimi nawe vitabu vyetu ni majirani, na vitanda vyetu pia."

Sikuwa na kitabu. Kitabu kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa mlimani. Nilijaribu kuhesabu sehemu kwa kichwa, hii ni wiki ya Nuhu, hii ni ya Ibrahimu, na mwanzoni niliweza, maana mvua za kwanza huja na Nuhu. Mzee Hamisi alinisaidia kushika siku. Kila Ijumaa akitoka kusali na wenzake alipitisha msumari mlangoni, alama moja, akasema, "Yangu imeisha. Kesho yako."

Vidonge vilikuwa vyeupe, vidogo, vichungu. Tulipanga mstari na kumeza mbele ya dresa, na kufungua kinywa aone. Sitawaeleza jinsi vinavyofanya kazi, sijui. Ninachojua ni kwamba msidhani mtapona kwa mstari ulionyooka. Mwezi wa tano wa vidonge mwili ulinigeuka. Homa ilikuja kila jioni, uvimbe ukatoka usoni na kwenye masikio, nyusi zikaanguka, mishipa ya kiwikoni ikauma hata shuka ikinigusa nikalia. Nilimwambia dresa dawa inaniua. Akasema, "Ndiyo hali yake. Mwili unapigana." Niliogopa kioo. Maji ya beseni nilikuwa nayavuruga kwa kidole kabla sijainama kunawa.

Katika homa hiyo nikapoteza hesabu ya sehemu. Nilipopata nafuu alama za Ijumaa mlangoni zilikuwepo, lakini mimi nilikuwa nimeshasahau nilikuwa nimefika wapi. Hilo liliniumiza kuliko nyusi. Mlimani wanasoma kitu leo, nikawa nafikiri, na mimi sijui ni nini.

Mama alikuja mara moja, mwaka wa pili, wakati wa kuvuna. Alikuja kwa lori kama mimi, na chungu kidogo kimefungwa kwenye kanga. Wageni walikuwa wanakaa upande wao wa kamba na sisi upande wetu. Mama aliitazama kamba, akainyanyua, akapita chini yake akakaa karibu nami. Dresa aligeuza uso akajifanya hakuona. Tukala kutoka chungu kimoja, maharage na ndizi, yamepoa na yamechacha kidogo, na sijawahi kula chakula kama kile.

Nikamwuliza wiki hii wanasoma nini. Akaniambia. Nikaanza kuhesabu upya kutoka hapo.

"Babu yako," akasema, "bado anakwenda kibandani kila siku ya saba. Anakaa kwenye kigogo. Anarudi."

"Anakwenda kumtazama nani?"

"Nimemwuliza. Anasema, natazama kama limeenea."

Mama alisema hivyo bila kucheka na bila hasira. Nadhani alikuwa amechoka kumkasirikia.

Mwaka uliofuata, zile wiki ndefu ambapo Torati inasimulia mbao na pete na mapazia ya hema, ikaja barua. Mwandiko ni wa baba, mistari minne. Babu amefariki. Amezikwa karibu na shamba la ngano. Sisi wazima. Kula vizuri.

Niliisoma, nikahesabu. Kumi na mmoja, bila mimi kumi, bila Babu tisa. Nikafikiri, basi watatafuta mtu. Baba Mdogo Danieli ana mtoto, Amosi, bado mdogo lakini watamwingiza. Sikufikiri hata kidogo kwamba watanihesabu mimi. Mtu aliyetengwa hahesabiwi. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani, nikaacha kuwaandikia. Walileta barua nyingine mbili. Sikujibu.

"Wewe una watu wanaoandika," Mzee Hamisi akaniambia. "Mimi mke wangu alipita na basi hapo barabarani, nikamwona dirishani, akafunga kioo. Miaka kumi na moja sijapata barua. Jibu barua, mshenzi mkubwa wewe."

Sikujibu. Hilo ni miongoni mwa mambo ninayojutia.

Niliachiliwa katikati ya kipupwe, karibu miaka mitatu tangu niingie. Walinichana sikio mara tatu, wakatazama damu, wakasema hakuna kitu. Wakanipa karatasi yenye muhuri. Mzee Hamisi naye alikuwa na karatasi kama hiyo tangu miaka minne iliyopita. Aliiweka chini ya mto. Nilimwambia twende wote Mbeya. Akasema, "Nikafanye nini kwa Wayahudi? Watanilisha maharage baridi." Alinisindikiza hadi kwenye kamba, akasimama hapo. Nilipogeuka bado alikuwa amesimama, na msumari wake mkononi, kwa kuwa ilikuwa Alhamisi na kesho yake angekuwa na alama ya kuchora.

Nilifika mlimani Ijumaa mchana. Sikwenda nyumbani. Miguu yenyewe ilinipeleka kibandani, nikakaa kwenye kigogo cha Babu, kofia kichwani na karatasi mkononi. Nilikuwa nimepona na sikuweza kutembea hatua mia mbili. Niliona moshi wa nyumba saba. Mtoto akaniona, akakimbia.

Aliyekuja alikuwa baba. Alikuja shambani kwa haraka, kwenye matuta ya viazi, hakupita njia. Nikamnyooshea karatasi. Hakuichukua. Alichukua mkono uliojikunja, akaushika kwa mikono yake miwili, mbele ya watu waliokuwa wameanza kutoka nje.

"Tumekungoja," akasema.

Nilidhani anasema maneno ya kawaida.

Siku zote kambini nilikuwa nimejipangia kwamba nitarudi wiki ya Miriamu. Haikuwa hivyo. Ilikuwa imepita. Wiki ile ilikuwa ya punda, yule aliyemwona malaika njiani akakataa kwenda, na bwana wake asiyeona kitu akampiga mara tatu, mpaka punda akafunguliwa kinywa akasema. Ni sehemu ambayo watoto huipenda. Jumamosi asubuhi tulikaa, ikasomwa, watoto wakacheka panapochekwa. Zamu ya maneno ya kubeba ikazunguka. Mama yangu ilipomfikia akasema, "Langu ni fupi. Punda aliona mapema, akapigwa." Akakunja mikono. Wazee wakatazama chini. Baba akacheka peke yake, kicheko kidogo, akajifuta macho.

Kisha baba akasimama. Akasema, "Sasa nitamwombea baba yangu."

Ndipo nikaelewa, polepole kama ninavyoandika. Nikahesabu wanaume waliokaa. Amosi hakuwa kati yao, alikaa na watoto. Tisa, na mimi.

Baba Mdogo Danieli akainuka. "Kaka, ngoja. Mwaka mzima na miezi minne nimekuambia tumhesabu Amosi wangu, amebakiza miezi michache, na wewe ukakataa. Ukasema wa kumi yuko, yuko Iringa. Sawa, nimenyamaza. Lakini leo nimemwona. Mkono ule nimeuona. Mtu aliyetolewa nje kwa ukoma, utamhesabu vipi katika kumi?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikaanza kuinuka niende zangu kibandani.

"Kaa, Natani," baba akasema. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Danieli, nikuulize. Kitabu kinasema najisi ni nani?"

"Aliyetamkwa na kuhani."

"Nani alimtamka huyu?"

Danieli akawageukia wazee.

"Nani? Wewe ulisikia? Kuna mtu hapa alisikia? Baba alikwenda pale miezi mitano, akaendelea kwenda hata mtoto alipokuwa hayupo, hadi wiki aliyokufa. Alilitamka?"

Nje kuku walikuwa wanaparua.

"Alikosea," mama akasema kutoka upande wa wanawake.

"Alikosea," baba akasema. "Mkono wa mtoto ndio ushahidi, na mimi nilisimama pembeni nikitazama, kwa hiyo nami nilikosea. Lakini hakulitamka. Huyu hakutoka katika hesabu hata siku moja."

Danieli alikaa. Kabla ya kukaa alisogeza kigoda chake mbali nami, na cha mke wake pia. Hadi leo, ninapoandika, hajakirudisha. Nawaambia hili mnaorudi nyumbani na karatasi zenye muhuri, msije mkadhani karatasi inasomwa na wote. Lakini alikaa ndani. Hakutoka.

Baba akaanza. Maneno ya sala ile ni ya lugha ambayo Babu aliileta kichwani, nusu yake hatuyaelewi, na baba hakuwa ameyasema kwa muda mrefu mno. Alikwama, akarudi nyuma, akaanza tena. Alifika mahali pa kuitikia.

Watu wakafungua vinywa, na mimi nikafungua changu. Walio karibu nami waliona kinywa kimebaki wazi, wakanyamaza na Amina midomoni mwao, kisha na wengine, hata Danieli, baba naye amesimama na macho amefumba.

Sauti yangu ilichelewa. Wakaingoja.